Pumzi ya Kununua

Usiku wa tatu sasa, karatasi tatu mezani
na taa ya kuchaji, maana Katuba umeme umeondoka tena.
Nje, chini ya turubai, kagari kangu ka viti viwili.
Kaliingia Kasumbalesa mgongoni mwa lori,
taa moja imepasuka, usukani upande usiofaa,
na kwenye zulia mchanga wa ufuko wa mtu mwingine.

Hapa tuko juu, mita elfu moja na mia mbili.
Hewa nyepesi, kama chai ya mwisho wa mwezi.
Injini inavuta, haishibi.
Ndiyo maana nataka supachaja.

Ya kwanza: rota mbili nene, zinakumbatiana bila kugusana.
Ukikanyaga tu, nguvu ipo, toka chini, papo hapo,
kama shangazi Ngalula akisikia jina lake limetajwa.
Lakini inachemka,
na joto la Oktoba halihitaji msaidizi.

Ya pili: parafujo mbili zilizosokotana kama nywele.
Safi. Tulivu. Bei yake
nilidhani ni namba ya simu.

Ya tatu ni konokono wa alumini.
Huyu anangoja. Chini hana neno;
mshale ukipita elfu nne ndipo anapiga mluzi.
Na wapi Lubumbashi mshale unapita elfu nne?
Kati ya shimo na shimo?
Labda njia ya Likasi, alfajiri,
kabla malori ya shaba hayajaamka.

Fundi Odon, garaji yake iko Kenya, nyuma ya soko,
hakutazama bei.
"Kwanza breki," alisema. "Halafu radieta.
Halafu chujio la maana: vumbi letu jekundu
linatafuna rota kama panya anavyotafuna sabuni.
Na ile petroli ya chupa, ya kandokando, usiniletee,
imelala na mafuta ya taa, pistoni zitapiga makofi.
Halafu mkanda. Hii mashine inazungushwa
na injini ileile inayoilisha.
Mla cha mwenzie, bwana, na chake huliwa."

Niliandika breki. Nikaandika radieta.
Nguvu ikashuka mpaka mstari wa sita.

Baba alikuwa kwenye kiti cha plastiki, anasikiliza,
kifua kinakwaruza kama changarawe kwenye karai.
Miaka ishirini na sita alilinda feni ya tanuru,
chini ya lile bomba la moshi
ambalo kila mtoto wa mji huu anajua kulichora.
Kazi yake ilikuwa kuulisha moto hewa.
"Kuingiza si kazi," akasema.
Akatulia, akaitafuta pumzi ya sentensi ya pili.
"Uliza inatokea wapi."

Akakohoa, akatema koponi, akafunika.
"Kuna siku mkubwa alitaka tani zaidi,
tukaifungulia feni yote.
Matofali yalilia kwanza. Halafu ukuta..."
Odon alizima redio.
Baba hakuendelea.

Nikaongeza: ekzosi pana.
Nikachagua ya kwanza, yenye rota nene,
na puli kubwa ili izunguke polepole.
Odon akacheka: unanunua simba, unamnyoa.
Nikamjibu, simba ni wangu.

Sanduku bado liko Ndola, linasubiri muhuri.
Kilichofungwa mpaka leo ni breki tu.
Jumapili nikampakia Baba, nikamfunga mkanda,
tukatoka mjini kabla ya jua.
Themanini. Tisini. Gari lilikuwa linavuta
kile kidogo linachokipata.
Baba akateremsha kioo chote,
akageuza uso uelekee mbele,
akafungua mdomo,
akaiacha barabara imlishe.